Naomba ushauri: swichi na waya za vifaa vya umeme kwenye kindege cha watu wawili

mjenga_bawa:
Wakuu habarini. Najenga kindege cha watu wawili, bodi ni faiba tupu, injini Rotax 912 ile ya kabureta, umeme volti 12. Kazi ya faiba imeisha, injini imekaa, sasa nimefika kwenye waya na hapa ndio kasi imepungua. Vifaa sio vingi: redio, transponda (inayojibu rada kwa ishara), intakomu (ya kuongea ndani ya ndege), GPS, taa za mabawa na strobu, yaani taa za kumweka (LED), taa ya kutua (LED pia), pampu ya mafuta ya umeme ya kusaidia ile ya injini, trimu ya umeme ya mkia (ile inayokupunguzia nguvu ya kushika fimbo ya kuongozea), na soketi ya USB ya kuchaji tableti.

Nimechora hivi, betri inaenda kwenye masta (swichi kuu), kutoka masta waya mmoja mnene unakuja mpaka paneli, pale unapitia swichi moja ya "vifaa" inayowasha redio, transponda, GPS, USB, trimu na pampu ya mafuta kwa mpigo, halafu swichi nyingine ya taa zote. Fyuzi nimeziweka kule mwisho, kila moja karibu na kifaa chake ili niione kwa urahisi.

Maswali yangu: swichi nilizonazo ni zile za kijiti zimeandikwa 10A 250V, nadhani zinatosha sana maana mimi ni volti 12 tu, au? Fyuzi au breka? Na kwa kuwa bodi ni faiba haipitishi umeme, negativu nirudishe vipi? Mwenye kujua asinifiche, naomba lugha ya kawaida, hesabu kidogo sio mbaya.

fundi_waya:
Mkuu hongera kwa kufika hapo. Naanza na fyuzi maana ndio kitu cha kwanza kubadilisha kwenye mchoro wako. Fyuzi hailindi kifaa, inalinda waya. Kifaa kikiungua ndani kimeungua, fyuzi haitakiokoa, kazi yake ni kuhakikisha waya unaopita nyuma ya paneli na chini ya kiti chako haugeuki kipande cha jiko. Sasa wewe umeweka fyuzi mwisho wa safari, maana yake ni kwamba waya ukikwaruzwa katikati ukapiga shoti, umeme wote wa betri unapita hapo na fyuzi kule mwisho wala haina habari. Fyuzi inakaa mwanzo, pale waya mwembamba unapotoka kwenye basi, yaani kile kipande cha shaba kinachogawa umeme. Ukiweka boksi la fyuzi lenye basi yake kwa pamoja ndio safi zaidi, kila tawi linatoka likiwa na ulinzi tayari.

Ukubwa wa fyuzi unafuata waya. Kawaida ya wajenzi wengi ni geji (kipimo cha unene wa waya) 22 kwa fyuzi ya ampea 5, geji 20 kwa 7, geji 18 kwa 10. Namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, usichanganye. Ukikuta kifaa kinataka ampea 2 sio lazima utafute fyuzi ya 2, geji 22 na fyuzi ya 5 inakubalika labda kitabu cha kifaa kiseme vingine, na kikisema vingine unafuata kitabu.

Waya wenyewe usitumie wa gari wala wa nyumba. Ganda la PVC likiungua linatoa moshi mbaya sana na kwenye kabini ndogo ile huna pa kukimbilia. Tumia Tefzel, ile inaandikwa M22759/16, ganda lake linavumilia nyuzi joto 150 na ni jembamba kwa hiyo hata uzito unapungua.

Swichi zako sasa. Hiyo 250V ni ya umeme wa AC, ule wa nyumbani, ambao kila sekunde unapita sifuri mara 100 na zaidi, kwa hiyo cheche ikitokea kwenye kontakti inazimika yenyewe. Umeme wa betri, yaani DC, haupiti sifuri hata siku moja, cheche ikiwaka inaendelea kung'ang'ania mpaka kontakti ziachane vya kutosha. Kwa hiyo swichi ya 10A ya AC inaweza kuwa na uwezo mdogo zaidi kwa DC, angalia kama kuna maandishi ya DC pembeni au kwenye karatasi yake, kama hakuna iache kwa kazi nyingine. Halafu inategemea unawasha nini. Kile kitabu cha FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), AC 43.13-1B (hiyo AC ni jina la kitabu tu, sio umeme), kina jedwali la kupunguza uwezo wa swichi, kwa mfumo wa volti 12 taa za nyuzi (balbu za zamani) unagawa kwa 5, mota unagawa kwa 2, koili unagawa kwa 2. Kwa volti 24 ni mbaya zaidi, taa unagawa kwa 8. Sababu ni kwamba taa ya nyuzi ikiwa baridi inavuta mara nyingi zaidi ya kawaida yake kwa kitambo kidogo cha mwanzo, hapo ndipo kontakti zinajilehemu. Wewe una LED kwa hiyo taa hazitakusumbua sana, ila pampu na trimu ni mota, zifikirie hizo.

Negativu nitarudi baadae, nipo kazini.

kapteni_mzee:
Mimi sio fundi wa waya, ni rubani wa siku nyingi, kwa hiyo naongea upande wa kiti. Mchoro wako usome kwa swali moja: hii swichi ikifa nikiwa hewani, ninapoteza nini kwa pamoja? Swichi yako ya "vifaa" ikifa unapoteza redio, transponda, trimu NA pampu ya mafuta, kwa sababu ya kijiti kimoja cha plastiki. Na ikitokea kinyume chake, unasikia harufu ya kuungua unataka kuzima USB, utalazimika kuzima na pampu. Pampu iwe na swichi yake na fyuzi yake, ikae mahali ambapo mkono unaipata bila kutazama, na ikiwezekana kichwa cha kijiti chake kiwe na umbo tofauti na za jirani. Usiku mtu anaposhika taa ya kutua akadhani ni pampu, au kinyume, hilo halihitaji mtu mjinga, linahitaji mtu aliyechoka tu.

Kijiti juu ni ON, chini ni OFF, zote, bila ubaguzi. Nimeshakaa kwenye ndege ya kujengwa ambayo swichi moja ilikuwa imefungwa kichwa chini na mwenyewe anasema "nimeshazoea". Yeye amezoea, atakayeinunua je?

Trimu: swichi yake iwe ya kurudi katikati yenyewe ukiiachia. Na lazima kuwe na njia ya kukata umeme wa trimu haraka, maana swichi hizo ndogo za kwenye fimbo zikiganda upande mmoja mkia unaendelea kujikunja mpaka mwisho wake na wewe unapigana na fimbo kwa misuli. Kwenye safari za mwanzo za majaribio jaribu ukiwa na spidi salama na mwinuko wa kutosha, trimu ikiwa imeenda mwisho kabisa, uone kama unaweza kuishika kwa mkono.

Kuhusu breka, ikikatika hewani usiirudishe rudishe. Kama kifaa sio cha lazima kiache hivyo hivyo mpaka chini. Kama ni cha lazima, subiri kidogo, rudisha mara moja tu, ikikatika tena basi imeshakuambia kitu.

saketi_wazi:
Nakubaliana na kapteni karibu yote, ila kwenye breka mimi naenda mbali zaidi: kama hutaki kuirudisha hewani, ya nini kuweka breka ishirini kwenye paneli? Ni nzito, ghali kuliko fyuzi, na kila moja ina viungio viwili nyuma ambavyo ni sehemu ya kulegea. Boksi la fyuzi za blade lililofungwa pazuri linatosha, na hulifikii ukiwa hewani, ambayo kwangu ni faida, hutashawishika kuanza ufundi wakati unatakiwa kuendesha ndege. Ila hii ni falsafa ya ndege ambayo hakuna kifaa kimoja cha umeme ambacho bila hicho unaanguka. Na wewe uko hivyo, Rotax 912 ya kabureta mfumo wa kuwasha plagi unajitengenezea umeme wenyewe kutoka kwenye koili zake, betri ikifa yote injini inaendelea kulia. Mwenye 912iS asinisikilize hapa, ile ina sindano za mafuta za kompyuta na bila umeme haiendi, mchoro wake ni mwingine kabisa.

Pia kuna ile swichi inayoitwa avioniki masta, moja ya kuwasha redio na vifaa vyake vyote kwa mpigo. Usiiweke. Ilikuja zamani kwa hofu kwamba stata ikivuta umeme itarusha mawimbi ya volti yaue transista za redio, lakini vifaa vya ndege vya siku hizi vinapimwa kuhimili hayo. Kinachobaki ni swichi moja yenye uwezo wa kunyamazisha redio zote.

kapteni_mzee:
Hapo saketi tunatofautiana. Mtu anayeruka na orodha ndefu ya vifaa vya kuwasha kimoja kimoja siku moja atasahau transponda. Avioniki masta mimi naipenda, ila iwe na njia ya pili ya kulisha redio namba moja kwa swichi na fyuzi nyingine. Kwa kindege chenye redio moja na transponda moja nakubali haina haja.

mjenga_bawa:
Asanteni sana aisee, nimeshafuta mchoro naanza upya. Je umeme wa injini yenyewe unatosha vifaa vyote hivi? Na masta niweke kontakta kubwa (swichi inayovutwa na koili ya umeme) kama ndege kubwa au swichi ya mkono ya betri?

fundi_waya:
Nimerudi. Jenereta ya ndani ya 912 ni wati 250, gawa kwa volti 13.5 au 14 unapata kama ampea 18, na hiyo ni injini ikizunguka kasi, sio ikiwa inasubiri kwenye njia ya kurukia. Chukua karatasi andika kila kifaa kinavuta ngapi kikiwa kinafanya kazi mfululizo na kinavuta ngapi kwa muda mfupi, mfano redio ikipokea ni kidogo ila ukibonyeza kuongea inapanda. Jumla ya mfululizo ibaki chini ya uwezo na nafasi ya kuchajia betri ibaki. LED imekuokoa hapa, taa moja ya kutua ya zamani ya wati 100 peke yake ingekula ampea 7 na ushee.

Kontakta: ile koili yake inakula karibu ampea 1 muda wote masta ikiwa ON, kwa alteneta ya ampea 60 hilo ni vumbi, kwa ampea 18 zako ni kodi ya kweli. Kwa hiyo kama betri iko karibu na unaweza kufikia swichi ya mkono ukiwa umefunga mkanda, swichi ya mkono ni sawa. Kama betri iko nyuma ya kiti, weka kontakta pale pale kwenye betri ili waya mnene unaokuja mbele uweze kuzimwa wote. Ukiweka kontakta hakikisha ni ya kukaa ON muda wote, sio ya stata, zinafanana kwa sura lakini ya stata imetengenezwa kwa sekunde chache, ukiiacha ON inajipika. Na swichi ya masta inakaa upande wa negativu wa koili, siyo upande wa pozitivu, kwa hiyo ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ukigusa erthi kontakta inabaki imeshika, unaendelea kuwa na umeme.

Usisahau ile kapasita kubwa ya maikrofaradi 22,000 ambayo Rotax wanaitaka kwenye rektifaya (inayogeuza umeme wa jenereta kuwa DC), watu wanaiona kama pambo. Na weka taa ya onyo la volti ndogo, iwake volti zikishuka chini ya 13. Hapo unajua jenereta imeacha kulisha na unakula betri, unaanza kuzima visivyo lazima mapema.

Negativu kwenye faiba: ndio, kila kifaa waya wake wa kurudi, na zote zirudi sehemu moja. Tengeneza kipande cha shaba chenye meno mengi, kifunge kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini kwa bolti moja inayopita pande zote mbili, upande wa injini kifungwe mkanda mnene wa kusuka unaoenda kwenye bloku ya injini, na negativu ya betri ije kwenye bolti hiyo hiyo. Taa za mabawa ni mbali, kwa hiyo waya wa kwenda na wa kurudi zisokotwe pamoja, na piga hesabu ya volti zinazopotea njiani, AC 43.13 inaruhusu nusu volti kwa kifaa cha mfululizo kwenye mfumo wa volti 14, na kumbuka kwenye faiba safari ni kwenda na kurudi, urefu unazidisha mara mbili.

Viungio: bana kwa koleo lenye meno ya kujifungia, lile haliachii mpaka limebana kamili, na tumia tamino zile zinazoshika shaba na ganda kwa pamoja. Kulehemu kwa risasi kwenye ncha ya waya bila kuushikilia vizuri ni tatizo, risasi inapanda ndani ya nyuzi, pale inapoishia waya unakuwa mgumu na mtikisiko wa injini unakatia hapo hapo. Mimi silehemu isipokuwa kwenye plagi zinazotaka hivyo.

kiunoni_knots:
Nachangia kwenye kelele maana hakuna aliyegusa na ndio itakayokuchosha. Redio ya ndege, 118 mpaka 137 megahezi, ni AM, inakamata kila takataka. Kujua adui ni nani sikiliza tabia yake. Mluzi unaopanda na kushuka na kasi ya injini ni umeme wa kuchaji, mara nyingi erthi zimekaa sehemu mbili tofauti. Tiki tiki inayoendana na strobu ni strobu. Mshindo wa maji usiobadilika, ambao unameza stesheni za mbali tu, huo ni kigeuzi cha volti, yaani taa ya LED ya bei poa au USB. USB ndio mwizi namba moja, nimeona mtu kabadilisha antena kumbe shida ni chaja.

Jaribu kabla hujafunika chochote: injini imezimwa, fungua skwelchi ya redio (kile kinachonyamazisha mvumo) usikie mvumo wake, kisha washa kifaa kimoja kimoja. Mvumo ukibadilika, umemkamata. Jeki za hedseti zitengwe na chuma chochote cha paneli kwa vile vipete (washa) vya plastiki, negativu yake irudi intakomu tu. Waya wenye ganda la kukinga, kinga ifungwe upande mmoja tu, ukiifunga pande zote mbili umetengeneza njia nyingine ya umeme.

Na dira ya sumaku, washa kila swichi ndege ikiwa imesimama ukiitazama. Sindano ikihama, kuna waya wa DC unapita karibu, sokota wa kwenda na wa kurudi pamoja au uhamishe.

saketi_wazi:
Kabla ya kuendelea, niseme jambo kuhusu "vifaa vya ziada". Watu wanaona USB au skrini ya burudani ni kitu kidogo, wanachomeka tu pale kwenye waya wa karibu. Swissair 111, ile MD-11 iliyoanguka karibu na Nova Scotia Septemba 1998 na watu 229, moto ulianzia kwenye waya juu ya kokpiti, na waya za mfumo wa burudani za abiria zilihusishwa. Kilichoniuma ni kwamba mfumo ule uliunganishwa mahali ambapo swichi ya kuzima umeme wa kabini haikuuzima, rubani akizima kabini mfumo bado una umeme. Ndege yenyewe ni kubwa, mada ni ile ile: swichi yako ya kuzima "visivyo lazima" izime kweli visivyo lazima vyote, na ukiongeza kifaa mwaka ujao usikichomeke kwenye tawi la pampu kwa sababu tu lilikuwa karibu.

mjenga_bawa:
Hapa nimepata. Mchoro mpya: pampu peke yake, redio peke yake, transponda na GPS pamoja, trimu yake, USB yake, strobu na taa za mabawa swichi mbili, taa ya kutua yake. Kila tawi na fyuzi yake kwenye boksi. Swali la mwisho, swichi mbili za kuwasha plagi nazo nizipitishe kwenye boksi hilo la fyuzi?

fundi_waya:
Hapana hapana, hizo usizichanganye na umeme wa betri kabisa, ukizilisha volti 12 umeua moduli. Zinafanya kazi kinyume: swichi ikiwa wazi injini inawaka, ikifungwa inapeleka waya kwenye erthi na ule upande unazimika. Kwa hiyo waya ukikatika huoni dalili yoyote, injini inawaka vizuri kabisa, ila haizimiki. Waya wenye kinga, moja kwa kila upande, zipite mbali na zile nyingine. Ndio maana kabla ya kuzima unajaribu kila upande, mizunguko isipobadilika ukizima upande mmoja basi waya wake umeachia, na propela hiyo usiiguse.

Trimu na USB na zingine endelea hivyo hivyo. Ukiweka rilei au kontakta popote, piga dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na koili, 1N4007 inatosha, maana koili ikiachiwa inarusha volti nyingi kurudi kwenye swichi na kontakti zinaliwa. Ule mstari mweupe kwenye dayodi uangalie pozitivu, ukigeuza unapiga shoti na fyuzi inaenda papo hapo.

kapteni_mzee:
Na waya zikipita jirani na bomba la mafuta zipite juu yake, zisipite chini, na zishikwe kwa klempu zenye mpira. Tuma picha ya nyuma ya paneli kabla hujaifunga.